Kenta ya Bi Zena Inatafuta pa Kusimama

Bi Zena alizima injini mbele ya geti la parki ya malori, pale Mocímboa da Praia, akabaki ameshika usukani kama mtu anayengoja kuambiwa ashuke. Jua lilikuwa limeshapita utosi. Tangu asubuhi alikuwa anabisha hodi mji mzima, na kote alijibiwa kwa upole. Upole huo ndio uliomchosha. Mtu akikufukuza kwa matusi unaondoka na hasira zako, na hasira zinakusukuma mpaka mlango wa pili. Lakini ukiambiwa "pole mama, Mungu atakufungulia," unarudi garini mikono mitupu, hata hasira huna.

Gari lenyewe lilikuwa Kenta kuukuu, nyuma limejengwa boksi la bati na mbao. Mumewe, Ussi, ndiye aliyelikata madirisha mawili, akapigilia kitanda, rafu ya sabuni na vitambaa vya kapulana vya kuuza, na kamba ya kuanikia nguo. Nyumba yao ya mji huu iliungua mwaka ule wauaji wa porini walipouvamia mji na watu wakakimbia, na waliporudi Ussi akasimama juu ya majivu, akasema, "Nyumba isiyoweza kukimbia siitaki tena." Toka hapo wakawa watu wa Kenta. Leo Awasse, kesho Palma, mwezi ujao wapo ng'ambo ya Ruvuma wanatafuta mali. Kila walipolala, Ussi aliegesha pua ya gari ikiangalia njia. Alikuwa radhi akose kivuli, akose maji, lakini pua iangalie njia.

Ussi alifia Awasse, kwenye njia panda. Homa ilimkamata, ikamlaza kwenye kitanda chake mwenyewe ndani ya boksi, na haikumwachia. Watu wa njia panda wakamwosha, wakamzika, wakamsomea. Shehe mmoja mzee wa pale akamuuliza Bi Zena kwa staha, akiwa amegeuza uso pembeni, "Mama, mumeo amekuacha katika nyumba gani?"

Bi Zena akaonyesha Kenta.

Shehe akaitazama, akayatazama magurudumu yake moja moja. Mwisho akasema, "Mwanamke anakaa eda katika nyumba aliyoachwa na mumewe. Basi kaa humo humo. Ila lisimame, mama. Gari lisimame."

Angesimama pale pale Awasse kama wangemwacha. Lakini njia panda ile ni ya wanajeshi, na hawataki gari la raia lilale karibu nao. Matanga hayajapoa, akaambiwa aondoke. Ndivyo mjane wa kukaa ndani miezi minne na siku kumi, asionwe na mwanamume wa kando, akajikuta ameshika usukani peke yake, kajifunika buibui mpaka machoni, anatafuta mahali. Eda ilishaanza, nayo ilikuwa inaliwa na barabara.

Na mahali penyewe aliyajua masharti yake. Pawe na ua, pawe na choo cha karibu, maji yapatikane bila kuvuka uwanja wa wanaume, na watu wa jirani wawe watu. Wanawake wa msikitini walimkunjulia mkeka ndani, wakamwambia Kenta ibaki barabarani. Akakataa, mumewe hakumwacha mkekani. Tena gari lililoachwa barabarani hapa halikuti asubuhi likiwa na betri. Kule kwenye nyumba ya wageni ua ulikuwa mzuri, una ukuta na bomba, lakini umejaa mafundi wanaokunywa bia vifua wazi. Ikabaki parki ya malori.

Mlinzi wa parki, Hélio, kijana wa watu wa ndani ndani huko, alikuja dirishani akitafuna muwa.

"Mama, uko peke yako?"

Bi Zena hakufikiri. Jibu lilikuwa mdomoni miaka mingi. Ussi mwenyewe alimfundisha, akimwacha kwenye gari na kwenda sokoni. Akija mtu, sema hivi. Akasema hivi:

"Mume wangu amelala nyuma."

Maneno yalipotoka ndipo akayasikia. Mjane anasema mumewe amelala. Lakini Hélio alishaufungua mnyororo. "Ingieni, tia kule pembeni, karibu na tangi la maji."

Akaingia, akageuza, pua ikiangalia geti kama ilivyo desturi. Akaona mahali panafaa kidogo. Choo kile pale. Tangi lile pale. Akaanza hata kupiga hesabu ya kutundika kapulana kuzunguka gari iwe stara. Ndipo akasikia sauti anayoijua.

"Aaa, Kenta ya mwizi hiyo! Nimeiona tangu inaingia!"

Alikuwa Rama, dereva wa lori la saruji, mtu mrefu mwenye tumbo mbele. Rama ni Myao, Ussi alikuwa Mmwera, na utani wao haukuanza na wao. Walirithi kwa babu zao. Miaka yote walipokutana njiani walitukanana mpaka wapita njia wakafikiri watachomana visu, kisha wakala sahani moja.

"Shemeji, shikamoo ya uzuri wako," Rama akasema, akisimama mbali kidogo na dirisha. "Yuko wapi yule mla panya?"

"Amelala," Bi Zena akasema. Mara ya pili ilikuwa rahisi zaidi, na hilo lilimtisha.

"Amelala saa hizi? Mwanamume mzima anaendeshwa na mkewe, naye kalala kama kichanga! Hebu nimwamshe."

"Muache, Rama. Anaumwa."

"Anaumwa uvivu!" Rama akazunguka nyuma, akapiga bati la boksi kwa kiganja, ngo, ngo, ngo. "Ussi! We Ussi! Umekufa humo?"

Madereva waliokuwa wanakula chini ya lori wakacheka. Rama akapiga tena, anacheka naye. "Kama umekufa sema, nije nirithi viatu!"

Bi Zena alihisi kila pigo linamtua kifuani. Ilibaki Rama ashike komeo, avute, na wote waone kitanda kitupu. Akawasha gari.

"Shemeji, mbona?"

"Nimesahau kitu mjini," akasema, akaondoka kwa kishindo. Hélio alirukia pembeni na muwa wake. Kwenye kioo akamwona Rama amesimama katikati ya vumbi, mkono bado umeinuka, hacheki tena.

Sasa kulibaki sehemu moja tu. Quitunda, huko juu karibu na Palma, kile kijiji cha nyumba za bloki walichojengewa watu waliohamishwa kwenye ardhi ya gesi. Dada yake Ussi, Cadija, alipewa nyumba huko. Bi Zena hakutaka kwenda kwa sababu njia ni ndefu na mbovu, na kancela, kile kizuizi cha wanajeshi, inafungwa jua likianza kulegea. Ukiikuta imefungwa, unalala porini. Na njia hii usiku ina watu wa aina mbili. Kuna wanaokuja kukuchinja, na kuna wanaowawinda hao, wakiona taa ya gari wanapiga kwanza. Wote hawabishi hodi.

Akaendesha. Vijiji alivyopita vingine vilikuwa na watu, vingine nguzo tu zimesimama na mihogo imeota ndani ya vyumba. Mikono ilimuuma mpaka mabegani. Nyuma, kikombe cha Ussi kilikuwa kinagongana na birika kwenye kila shimo, na yeye hakusimama kukiondoa. Tangu Awasse hakuwa amelia. Angelia saa ngapi, na macho yanahitajika barabarani?

Alifika kancela ikiwa bado wazi, akamshukuru Mungu kwa sauti. Askari mmoja akainua mkono. Alikuwa kijana wa kusini, jina limeshonwa kifuani, Alberto, Kiswahili chake cha kuokoteza.

"Boa tarde, mamã. Wewe safiri peke yako?"

Hapo ndipo ulimi ulipomwangusha. Uchovu, woga, mazoea ya miaka, vyote vilisukuma jibu moja.

"Mume wangu amelala nyuma."

"Mwambie ashuke."

Bi Zena akafumba macho. Alipoyafumbua, Alberto alishafika nyuma, komeo likalia. Kisha sauti ya buti ndani ya boksi. Kanzu ya Ussi ilikuwa kwenye kamba. Kofia yake juu ya rafu. Viatu vyake vya ngozi chini ya kitanda, vimepangwa, na shuka kitandani imevurugika vile vile alivyoamka nayo yeye alfajiri.

Alberto akatoka na uso mwingine. "Mwanamume wapi?"

"Hayupo."

"Umesema yupo. Nguo ipo, kiatu kipo, yeye hayupo. Umemshusha wapi? Porini? Unamletea nani chakula huko porini?"

Wenzake wawili wakasogea, bunduki zimeshuka kutoka begani. Bi Zena alitaka kusema, lakini neno lile lilikataa kupanda. Alikuwa hajalisema bado, tangu kaburini. Watu wengine ndio waliolisema, yeye aliitikia tu.

"Mamã! Umemshusha wapi?"

Lori likasimama nyuma yao kwa mlio wa breki. Lori la saruji, limemfuata tangu Mocímboa. Rama akashuka, mikono juu ili askari waione, akaja polepole mpaka alipoona mlango wa boksi uko wazi na kitanda kitupu. Akageuka kwa Bi Zena. Mara hii hakuita kwa mzaha.

"Shemeji. Ussi yuko wapi?"

"Awasse."

"Awasse kwa nani?"

"Mchangani, Rama. Nimemzika. Nimekudanganya, nimewadanganya wote. Amekufa."

Rama alisimama kama mtu aliyepigwa rungu asiyejua bado aangukie wapi. Kisha, mbele ya bunduki zile, akapanda kwenye boksi, akachukua viatu vya Ussi, akakaa chini katikati ya barabara, akaanza kuvilazimisha miguuni. Havikumwingia hata nusu. Akapiga kelele ya kupasua koo:

"Mwizi wewe! Umekufa bila kuniaga? Nani kakupa ruhusa? Miguu yenyewe ya kuku, hata viatu vyako havina faida! Nimekugongea nikakuuliza umekufa, ukanyamaza! Hukuwa na adabu ukiwa hai, sasa umezidi!"

Machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kwenye ndevu, na matusi hayakukoma. Aliitukana kofia, akalitukana kaburi, akawatukana waliochimba kuwa wamechimba fupi.

Alberto akamtazama mwenzake, hajui acheke au apige. Yule mwenzake alikuwa mtu wa upande wa Mueda, mwenye umri mkubwa kidogo. Akainua bunduki yake, akairudisha begani.

"Waache," akamwambia kwa Kireno, kisha kwa Kiswahili ili mama naye asikie. "Huyu ni mtani wake. Kwetu nako wapo. Mtu hawezi kumlilia hivi mtu aliye hai. Huyo mume amekufa kweli."

Alberto akakuna shingo. "Mama, pita. Lakini siku nyingine usiseme mtu amelala kama amekufa. Utauawa bure."

Wakapita, Kenta mbele, lori nyuma. Kancela ikashushwa nyuma yao.

Quitunda jua lilikuwa limegusa mapaa. Nyumba zimepangwa mistari, zote sura moja, ungepotea mlango wako mwenyewe. Cadija alitoka na mwiko mkononi, akamwona Bi Zena peke yake kwenye usukani, akaangusha mwiko. Hakuhitaji kuambiwa. Walishikana pale pale dirishani, wifi na wifi, mmoja ndani mmoja nje.

"Nipe ua wako, wifi," Bi Zena akasema. "Sitaki kingine. Nisimamishe gari nyuma ya nyumba, nikae eda ya kaka yako."

"Ua ni wako. Ingia, ingia kabla..."

Hakumaliza. Faquir alishafika. Ndiye shefe wa bairo, mkubwa wa mtaa, mtu wa makamo mwenye fulana safi na sauti ya chini. Alimpa pole, akaomba dua fupi, kisha akasema lile ambalo Bi Zena alikuwa analisikia tangu asubuhi kwa midomo mingine.

"Mama, wewe lala. Gari litoke."

"Litoke liende wapi?"

"Kule kwenye uwanja wa magari, nje ya kijiji. Sheria siyo yangu, tulikubaliana wote. Wale watu wakija wanatafuta gari la kubebea. Kijiji cha jirani kilikuwa na gari moja tu limelala uani, ndilo walilolifuata. Walipita nyumba kwa nyumba wakitafuta funguo."

Akaelekeza kidevu kwenye Kenta.

"Nyumba niliyoachiwa ndiyo hii," Bi Zena akasema. "Nikilala kwa Cadija, nimeiacha eda ya Ussi uwanjani, na nikilifuata huko nitalala kati ya madereva walevi."

"Mungu anajua dhiki yako, mama. Atakusamehe."

"Atanisamehe. Mimi je, nitajisamehe?"

Majirani walikuwa wamejikusanya. Wengine walimhurumia, wengine walilitazama gari kama mtu anavyotazama nyoka aliyeingia harusini. Mama mmoja, Wahida, mtoto mgongoni, akasema wazi, "Mimi nishakimbia mara mbili. Samahani dada. Gari hilo sitalala nalo." Na hakuna aliyeweza kumlaumu, hata Bi Zena mwenyewe. Jua likazidi kushuka. Nyuma, kancela imefungwa. Mbele, ua wa wifi yake, hatua chache, na hauingiliki. Akaweka paji la uso kwenye usukani. Akawaza alale hapo hapo katikati ya njia, wafanye watakavyo.

Rama alikuwa ameegemea lori lake muda wote, viatu vya Ussi vinaning'inia shingoni kwa kamba. Akaja mbele.

"Shefe, mimi ni mtani wa maiti. Nimekuja kuchukua changu."

Watu wakageuka. Faquir naye akainua macho. Mtani akifika msibani anachukua atakacho, kuku, sufuria, hata mlango, na wafiwa hawana la kusema. Hilo hata shefe halimo mkononi mwake.

"Chako nini?" Faquir akauliza.

"Nyumba hii ina magurudumu sita. Nayataka yote."

Watu wakayatazama magurudumu. Kisha Wahida akacheka, akaziba mdomo. Faquir hakucheka. Alilizunguka gari, anawaza.

"Likikaa juu ya bloki," akasema taratibu, "bila magurudumu, bila betri..."

"Betri nayo nachukua. Mwizi yule alininyima mengi."

"...basi halimbebi mtu. Hakuna wa kulifuata." Faquir akawatazama majirani, mmoja mmoja. Wahida akaitikia kwa kichwa. "Sheria inasema gari. Hilo halitakuwa gari."

Wote wakamwangalia Bi Zena, na yeye akamwangalia Rama. Ndani ya macho ya shemeji yake Rama aliliona swali kabla halijatoka.

"Na wale wakija, Rama? Nitakimbilia nini?"

Rama akavishika vile viatu vya shingoni. "Miguu, shemeji," akasema. "Kama wengine wote hapa."

Bi Zena alikumbuka majivu ya Mocímboa, na Ussi amesimama juu yake. Nyumba isiyoweza kukimbia siitaki tena. Miaka yote hii alilala usingizi kwa sababu ya magurudumu yale. Akasikia na sauti ya yule shehe mzee, lisimame, mama. Hakuna mahali aliambiwa litasimama salama. Aliambiwa lisimame.

Akawasha Kenta kwa mara ya mwisho. Alipoingia uani akaanza kukata kona kama kawaida, ageuze, pua iangalie njia. Katikati ya kona mikono ikaacha. Akalinyoosha, akaingiza moja kwa moja mpaka pua ikakaribia kugusa ukuta wa jikoni. Akachomoa funguo, akampa Cadija dirishani. Akapita ndani kwa ndani, kwa kile kidirisha Ussi alichokata nyuma ya kiti, akaingia boksini, akashusha mapazia.

Nje akasikia jeki inalia, nati zinagoma kisha zinaachia, Rama anatukana. Faquir mwenyewe alikuwa anabeba bloki zilizosalia kwenye ujenzi, alimsikia akihema. Wanawake wakayaviringisha magurudumu mpaka kwenye lori, wanaambiana "shika huku, shika huku." Kila gurudumu lilipotoka, sakafu ilicheza chini yake, kisha ikatulia.

Rama alikuja mwisho, akasimama nje ya bati, sauti karibu.

"Shemeji, eda ikiisha nitayaleta."

"Na ukifa njiani?"

"Basi utahama kwa kutambaa. Viatu nabaki navyo."

"Baki navyo."

Akapiga bati kwa kiganja, polepole safari hii, ngo, ngo, ngo. Hakuuliza chochote. Lori likaondoka na magurudumu ya Kenta, akalisikia mpaka likapotelea upande wa uwanja wa magari. Adhana ya magharibi ikaanza, na milango ya mtaa mzima ikasikika inafungwa, komeo baada ya komeo.

Cadija alipitisha kikombe cha uji dirishani, na kipande cha bafta nyeupe cha kukalia eda, kimekunjwa. Bi Zena akavua buibui la vumbi, akajifunga ile nyeupe. Akapanda kitandani, upande wake, akauacha ule wa ukutani, wa Ussi.

Miaka yote kitanda kile akipanda mtu gari linayumba kidogo juu ya springi, kushoto, kulia, halafu linatulia. Leo halikuyumba. Alikaa akingoja liyumbe. Kisha akageukia upande mtupu, akaanza kulia kwa sauti, na majirani walioisikia wakaacha vijiko.